Uzi: Wanafunzi wa usanifu waliohamia kijijini Alabama na kujenga wenyewe. Sisi tunamaliza chuo bila kushika mwiko

#1 Mchora_Ramani

Wakuu, heshima yenu.

Nimemaliza usanifu majengo mwaka juzi. Kwa miaka mitano nimechora hospitali ya rufaa, uwanja wa ndege, makumbusho na kitega uchumi cha ghorofa 22 pale Posta, Dar. Nilichojenga kwa mikono yangu ni modeli za maboksi na gundi. Siku ya kwanza saiti fundi akaniuliza, "Bosi, lenta hii tulaze nondo ngapi?" Lenta ni ile boriti ya juu ya mlango au dirisha, nilishaichora mara mia. Nikajifanya napokea simu.

Aibu ile ndiyo iliyonifanya nianze kuwafuatilia Rural Studio. Hawa ni wa Chuo Kikuu cha Auburn, jimbo la Alabama, Marekani, ila chuoni hawakai. Wako Newbern, kamji ka watu wasiofika 200 katika wilaya ya Hale, mwendo wa zaidi ya saa mbili kwa gari kutoka chuo kilipo. Walioanzisha ni walimu wawili, Samuel Mockbee (wenyewe walimwita Sambo) na D.K. Ruth, mwaka 1993. Mpango wao ulikuwa rahisi kuueleza na mgumu kuutekeleza: wanafunzi wahamie huko, waishi na watu, wamchoree mwenye shida ya nyumba, kisha walewale waliochora wachimbe msingi.

Na msiwaze Marekani ya kwenye sinema. Ule ukanda ulilimwa pamba na watumwa, na hadi leo ni katika sehemu maskini za nchi ile. Wakati Mockbee anafika kulikuwa na familia zinaishi kwenye vibanda vya mbao visivyo na bomba wala choo.

Nyumba yao ya mwanzo ilikamilika 1994 sehemu inaitwa Mason's Bend, ya mzee na mkewe waliokuwa wanalea wajukuu. Kuta ni marobota ya majani makavu yaliyopigwa plasta, kwa sababu ni rahisi na yanazuia joto na baridi. Wazee walitaka baraza, wakapewa baraza kubwa la mbele, na nyuma vijichumba vitatu vya wajukuu. Mwaka 1995 wakajenga kanisa dogo la matairi karibu 1,000 yaliyoshindiliwa udongo. Mwaka 2000 likaja jengo la jumuiya ambalo upande mmoja umefunikwa vioo vya mbele vya gari, vioo 80 vya Chevrolet Caprice vilivyonunuliwa skrepa Chicago kwa dola 120 vyote. Na 2002 nyumba ambayo ukuta wake ni vipande 72,000 vya zulia.

Mockbee alishafariki wakati huo, Desemba 2001, saratani ya damu. Mimi ningetegemea kitu kife naye. Akashika Mwingereza mmoja, Andrew Freear, na zaidi ya miaka 20 baadaye bado wapo palepale Newbern.

Kinachoniuma ni hicho cha "bado wapo". Tuongee.

#2 Kichwa_Maji

Nimeweka kambi hapa. Mkuu weka picha za hiyo ya zulia.

#3 Fundi_Timazi

Mleta uzi, nakuheshimu kwa kukiri hiyo ya lenta. Wenzako huwa wanajibu "weka inavyotakiwa" halafu wanapanda gari.

Ila nina neno. Hao watoto wamepewa muda mwaka mzima, chakula wanakula cha wazazi, vifaa vya msaada, wakikosea wanabomoa. Mimi nikikosea kozi moja tu ya tofali mwenye nyumba ananikata hela. Tusidanganyane kwamba huo ni ujenzi wa bei rahisi, hapo kuna mtu analipa. Na nyumba ya zulia nijibu: mvua ikipiga?

#4 Mchora_Ramani

@Fundi_Timazi zulia zimelazwa moja juu ya nyingine kama tofali, halafu juu yake kuna ringibimu, yaani boriti inayozunguka kuta zote, ya mbao nzito inayozikandamiza zisitembee. Paa limetokeza nje ya ukuta. Na zulia zilikaa kwanza ghalani miaka kadhaa ndipo zikatumika, harufu ya kiwandani iishe.

Hiyo ya gharama una haki nusu, na wenyewe waliiona. Baada ya Mockbee mambo yalibadilika sana. Wakaacha kutegemea vitu vya kuokota, wakageukia majengo ya umma yanayotumiwa na watu wengi, na mwaka 2005 wakaanza mradi wanaouita 20K, yaani nyumba ya dola 20,000. Hela hiyo haikutoka hewani. Walijiuliza mzee anayeishi kwa pensheni ya serikali peke yake anaweza kurejesha mkopo wa kiasi gani kwa mwezi bila kulala njaa, wakapata kama dola 100, wakapiga hesabu kurudi nyuma.

Na sikiliza hii sasa, maana ndiyo inayokuhusu: ndani ya hizo 20,000 walitenga karibu 12,000 za vifaa, zilizobaki ni za fundi na faida yake. Yaani mchoro ulitakiwa uwe ambao kontrakta wa palepale anaweza kuujenga akapata hela ya halali, sio nyumba ya kujengwa na wanafunzi wa bure milele. Kila mwaka kundi jipya linachukua nyumba ya mwaka jana, linaikosoa, linajenga nyingine. Wanaziita kwa majina ya wenye nyumba: ya Frank, ya Dave, ya Joanne.

#5 Fundi_Timazi

Hapo umenishika. Mchoraji anayemwekea fundi faida kwenye mchoro sijawahi kukutana naye tangu nianze kazi 1998.

#6 Mmatumbi_Atlanta

Wakuu salaam kutoka Georgia. Nimepita Newbern mara mbili nikienda kwa rafiki Mississippi, si mbali na njia kama huna haraka. Ukipunguza mwendo kidogo tu umeshautoka mji. Lakini hapohapo barabarani unakuta kituo cha zimamoto cha kujitolea, pembeni yake ofisi ya mji iliyojengwa 2011 kwa magogo mazito ya msaiprasi yaliyopangwa kama watoto wanavyopanga vijiti vya kiberiti, na ng'ambo kidogo maktaba ambayo zamani ilikuwa benki, wakaifungua 2013. Vyote ni kazi ya wanafunzi. Kile kituo cha zimamoto kilikuwa jengo la kwanza jipya la umma pale baada ya miaka 110. Miaka mia na kumi, wakuu.

Niongezee kwenye 20K. Maskini wa huku anakaa kwenye trela, nyumba ya kiwandani inayoletwa na lori. Trela ni kama gari, siku unaitoa kwa muuzaji imeshapungua thamani, miaka 15 unayo takataka na deni bado linakudai. Ndiyo maana kanyumba ka dola 20,000 kanakosimama kwenye msingi wake ni jambo kubwa.

Tatizo likawa wapi? Benki. Kumwandalia mtu mkopo wa 20,000 kunamgharimu ofisa karatasi zilezile na muda uleule wa mkopo wa 200,000, basi hawataki kujisumbua. Sheria za ujenzi nazo, mkaguzi akikutana na msingi mwepesi aliouzoea mwanafunzi lakini hajauona kwenye kitabu chake, anagoma. Kwa hiyo Rural Studio siku hizi wana kitengo kizima cha kuhangaika na mikopo, bima, mabomba ya majitaka. Mambo ambayo mwanafunzi wa usanifu anayakimbia.

#7 Mchora_Ramani

@Mmatumbi_Atlanta hapo kwenye majitaka kuna kitu watu wa Shinyanga na Ifakara watanielewa. Udongo wa kule ni mweusi, ule wa mbuga unaovimba mvua ikinyesha na kupasuka kiangazi. Haunyonyi maji. Ukichimba shimo la choo linajaa, linarudi uani. Wameingia kwenye utafiti wa kutafuta namna ya kutibu majitaka kwenye udongo huo pamoja na wataalamu wa vyuo vingine. Ramani nzuri juu ya choo kinachofurika ni kazi bure.

#8 Mwalimu_wa_Zamu

Nimekuwa msomaji tu humu miaka mingi, leo imebidi nijiunge niandike.

Nafundisha shule ya msingi vijijini, mkoa wa Morogoro. Miaka minane iliyopita walikuja wanafunzi wa usanifu kutoka Ulaya, sitataja wapi. Walikaa wiki sita. Walikuwa vijana wazuri, wachapakazi, watoto waliwapenda. Wakatujengea darasa la kuta za udongo ulioshindiliwa na paa la mianzi juu yake bati. Nakiri sijawahi kuona darasa zuri kama lile. Siku ya kukabidhi mkuu wa wilaya alikuja, picha zikapigwa kila kona.

Msimu wa pili mianzi ikaanza kumwaga unga. Watoto wanaandika, unga unawashukia kwenye madaftari kama wapo kinuni. Kumbe wadudu wameingia. Fundi wetu wa kijiji akaangalia yale maungio ya kamba na boliti akasema, "Mwalimu, hii mimi siijui, nikigusa nitaiangusha." Tukaandika barua pepe. Wale vijana walishahitimu, kila mtu na kazi yake. Mmoja alijibu kwa huruma kubwa akatuma maelekezo ya dawa ambayo Morogoro mjini haipo.

Leo lile darasa tunahifadhia mahindi ya wanafunzi na madawati mabovu. Kuta ziko salama kabisa, ninyi mnaodharau udongo. Kilichotushinda ni paa.

Kwa hiyo mleta uzi, "bado wapo" yako mimi naielewa kuliko unavyofikiri.

#9 Kichwa_Maji

Daah.

#10 Mtu_wa_Lodwar

Poleni mwalimu. Salamu kutoka upande wa Kenya.

Mimi naona mnazunguka Marekani na kuna mfano wa kwetu Afrika. Diébédo Francis Kéré alikuwa bado mwanafunzi Berlin alipojenga shule ya msingi kwao Gando, Burkina Faso. Kijiji hakikuwa na shule alipokuwa mdogo, alipelekwa Tenkodogo akiwa na miaka saba. Akaenda Ujerumani 1985 kwa ufadhili wa kusomea useremala, baadaye ndio akaingia usanifu. 1998 akaunda chama cha kuchangisha pesa, 2001 shule ikasimama, na hiyo ni kabla ya kumaliza digrii yake. Shule hiyo ikampa tuzo ya usanifu ya Aga Khan 2004, na 2022 akawa Mwafrika wa kwanza kupata Pritzker, tuzo kubwa ya usanifu duniani.

Lakini stori tamu ni ya wanakijiji. Walipoambiwa shule ni ya udongo walikataa! Wao walijua udongo ni nyumba inayoyeyuka kila masika, mtoto wao ametoka Ulaya na anawaletea matope? Ilibidi awajengee kielelezo, watu wapande juu wachezecheze, waone haianguki. Tofali akazichanganya na simenti kidogo. Paa la mabati akaliinua juu ya dari ya tofali, katikati upepo unapita na joto linatoka, na mabati yakatokeza mbali kuzuia mvua isipige ukuta. Kenchi, zile fremu zinazobeba paa, ni za nondo za kawaida, zile za kujengea, kwa sababu kreni hakuna. Vijana wa kijiji walifunzwa kukata kwa msumeno wa mkono na kuchomelea. Kwa hivyo ikiharibika anajua nani? Waliochomelea.

Sakafu ilipigwapigwa na akina mama kwa pamoja hadi ikalainika. Na kwenye maktaba wakaleta vyungu vyao, vikakatwa matako, vikapangwa kwenye dari kabla zege halijamwagwa. Mwanga unaingilia mdomoni mwa chungu.

Hapa kwetu Turkana pia amejenga, kampasi ya Startup Lions kando ya ziwa, 2021. Minara yake ya kutoa joto imeigwa vichuguu. Mtu wa Turkana akikiona hahitaji kuelezwa.

#11 Mchora_Ramani

Umenena vizuri mkubwa. Na ona, Kéré ni mwana wa pale. Anna Heringer, msanifu wa Ujerumani, hakuwa mwana wa kule alikojenga, lakini kabla hajachora shule ya METI kule Rudrapur, Bangladesh, alishaishi huko karibu mwaka mzima akijitolea akiwa na miaka 19. Aliporudi na mchoro wa kuhitimia 2004 alikuwa anajua nyumba za udongo za pale zinafia wapi: hazina msingi, na hakuna kitu cha kuzuia unyevu usipande ukutani. Akaongeza msingi wa tofali na karatasi ya nailoni. Mengine yote, udongo na majani, yalikuwa tayari mikononi mwa mafundi wa kijiji. Juu ni mianzi, mwalimu, lakini mianzi ya watu wanaoifahamu.

#12 Mzee_Msaragambo

Vijana hamjambo.

Nimesoma nimekaa kimya, sasa naomba nafasi. Mimi ni mstaafu, Upareni. Mnazungumza kana kwamba jumuiya kujenga ni jambo la kuletewa. Sisi tulikuwa na msaragambo. Ikipigwa mbiu, nyumba hii inatoa mawe, hii maji, hii mtu mwenye nguvu, akina mama wanasomba mchanga mtoni. Enzi za UPE, ile elimu ya msingi kwa wote, tulipandisha madarasa mawili kwa miezi michache. Hakukuwa na mhandisi, wala mchoro ulikuwa hakuna, alikuwepo bwana mmoja na kamba yenye mafundo.

Na upepo wa Agosti ukabeba paa zima la moja, ukalitupa shambani kwa mtu. Watoto walikuwa mapumziko, Mungu mkubwa. Kwa nini? Kenchi zililazwa tu juu ya ukuta, hazikufungwa. Mikono mia mbili, na hakuna hata mmoja aliyejua kwamba upepo hausukumi paa tu, hulinyanyua.

Kwa hiyo mwanangu Mchora Ramani, usije kijijini kutufundisha kushirikiana. Njoo utuambie kuhusu upepo.

#13 Mchora_Ramani

Shikamoo mzee. Hilo la mwisho naliandika ukutani kwangu.

#14 Dada_Saruji

Naomba niwe mkorofi kidogo. Nipo mwaka wa nne usanifu. Wote mnasema vyuo, vyuo. Mafunzo ya vitendo tunapewa wiki nane. Wiki ya kwanza unatafuta ofisi ya kukupokea, ya mwisho unaandika ripoti. Katikati unatumwa kuprinti. Ukiwa msichana unatumwa na chai. Hizo wiki sita zinazobaki ndizo zilezile sita zilizomwachia mwalimu ghala la mahindi.

Kwa hiyo tusiseme tufanye kama Rural Studio. Wao wana nyumba za kulala wanafunzi pale, karakana, hadi bustani ya mboga wanayolima wenyewe. Walimu wao ni majirani wa wenye nyumba, bati likivuja mtu anagonga mlango. Sisi tukianza kesho na wiki nane tutazalisha maghala nchi nzima.

#15 Fundi_Timazi

Dada umepiga nyundo kwenye msumari. Basi anzeni na kidogo. Msijenge kipya. Rekebisheni.

@Mwalimu_wa_Zamu ukuta umesema uko salama. Upana wa ndani kiasi gani? Urefu? Juu ya ukuta kuna ringibimu au mianzi imekaa kwenye udongo mtupu? Bati ni geji gani, yaani unene wake? Nenda kapime, usikadirie kwa macho.

#16 Mwalimu_wa_Zamu

Nimepima leo jioni baada ya gwaride, nikiwa na watoto wawili wa darasa la sita wameshika futi kamba.

Upana wa ndani mita 6.7. Urefu mita 8.9. Unene wa ukuta sentimita 40. Juu kuna ubao mpana umelazwa kuzunguka wote, umefungwa na vyuma vinavyoingia ukutani, nimegonga haulii uwazi. Bati ni geji 30, chache zimetoboka kwenye misumari. Upande wa mlangoni paa limetokeza kama mita moja, nyuma nusu mita tu na huko ndiko ukuta umeanza kulika chini.

#17 Fundi_Timazi

Hao vijana hawakuwa wajinga. Huo ubao ndio ringibimu yenyewe, na hivyo vyuma ndivyo vitakavyofunga kenchi upepo wa mzee usije.

Mita 6.7 ni kenchi ya kawaida kabisa ya mbao iliyopigwa dawa, fundi yeyote wa kata yako anaijua. Kila mita 1.2 kenchi moja, kwa urefu huo pamoja na unene wa kuta zinahitajika tisa. Nyuma ongeza nusu mita ya bati. Bati nzima zirudishe, zilizotoboka zikae kwenye choo cha walimu. Mianzi iliyo hai bado iwe uzio. Gharama nitakupa ya hapo kwenu nikishaongea na mtu wangu wa mbao Mikumi, sitaki kukutajia bei ya Buguruni, Dar.

#18 Mchora_Ramani

Mwalimu, nina wiki tatu bila kazi kuanzia Jumatatu ijayo. Michoro ya hiyo kenchi naichora usiku wa leo, Fundi ataikagua kabla sijaileta. Nauli najilipia. Naomba tu huyo fundi wa kijiji aliyesema "nikigusa nitaiangusha" awepo tangu siku ya kwanza, na yeye ndiye awe anashika msumeno.

#19 Dada_Saruji

Na mimi naja. Chai jipikieni.

#20 Mwalimu_wa_Zamu

Karibuni. Fundi nimemwambia, amecheka, ameuliza kama mtoto wa chuo anajua kupanda ngazi. Mkuu wa shule anasema mahindi yatahamia ofisini kwake Jumamosi.

Mje na buti, huku mvua zimeshaanza na gari linaishia barabara kuu.